Jarida Linalosomwa Chumba Kimoja

Tarehe 9 Februari

Shikamoo Mama,

Hatujuani. Mimi ni mwalimu wa historia niliyetolewa shuleni mwaka jana na kuletwa Idarani, mahali ulipofanya kazi mpaka ukastaafu. Nimepewa chumba chenye dirisha moja linalotazama ukuta, kabati la chuma lisilo na kitu ndani, na kazi moja tu: kuanzisha jarida. Jarida la wachambuzi, liandikwe na wachambuzi, lisomwe na wachambuzi, na lisitoke nje ya jengo.

Nilipofika nilimwomba mkuu wa mafunzo anionyeshe vitabu wanavyosoma vijana wapya. Akanionyesha kanuni za kufunga makabati na mwongozo wa kuandika tarehe. Nikamwuliza, "Na namna ya kufikiri? Namna ya kupima habari, ya kujua kwamba mtu anakudanganya?"

"Hayo mtu anajifunza kwa kukaa na wazee."

"Wazee wako wapi?"

"Wamestaafu."

Mama, daktari akipoteza mgonjwa, anaandika ili wa kesho asome. Daraja likianguka, wahandisi wanaandika. Ninyi mmekaa kizazi kizima mkizitazama nchi za watu na kutuambia zinataka nini, na hamkuacha hata ukurasa mmoja wa kusema mlijuaje. Kila kijana anaanza upya kana kwamba hakuna aliyemtangulia.

Kila ninayemwuliza aandike nani kwanza ananitajia jina moja la utani: Bi Huenda. Wanasema hukuwahi kumaliza tathmini bila neno hilo, wakubwa wakalicheka, na bado mara nyingi ulikuwa sahihi kuliko wote. Nakuomba utuandikie.

Barua hii anaileta dereva wa Idara mkononi. Atasubiri jibu, na barua yenyewe irudi naye.

Mwalimu


Tarehe 9 Februari

Marahaba mwanangu,

Dereva wako yuko sebuleni anakunywa chai, na binti yangu anamtazama kwa jicho la pembeni, kwa hiyo nitakuwa mfupi. Jibu ni hapana.

Si kiburi. Mume wangu, Mungu amrehemu, amezikwa akijua kwamba mkewe alikuwa mpiga chapa wa takwimu za mvua. Mvua ikinyesha alikuwa akiniambia, "Ile yako imefika," na mimi nacheka. Alinionea fahari kwa mvua. Mtu aliyeweza kumficha hilo mwanamume mwema kama yule, leo ukamwambia akae mezani aandike, mkono unagoma wenyewe.

Kazi yetu ilikuwa kujua, kusema mara moja kwa mtu mmoja, na kunyamaza. Huo ndio ufundi wote. Waambie vijana.

Halafu, kwa kuwa wewe ni mwalimu hutachukia kusahihishwa: umeandika kwamba "mara nyingi" nilikuwa sahihi. Mara ngapi kati ya ngapi? Nani alihesabu? Waliokuambia walikuwepo, au na wao waliambiwa? Ukitaka kuhariri kazi yetu, anzia hapo.

Mstaafu


Tarehe 2 Machi

Shikamoo Mama,

Nimelibandika lile swali lako ukutani, mbele ya macho yangu. Nani alihesabu?

Sikuandikii kukusumbua. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limenitokea na sina mwingine wa kumwambia.

Nimepata makala mbili. Moja imeandikwa na mzee aliyefanya kazi ghorofa ya chini, akisoma magazeti ya nchi jirani. Nyingine ni ya mama wa ghorofa ya juu kabisa, ambaye kazi yake ilikuwa kutazama picha zilizopigwa kutoka angani. Kwa jinsi mlivyopangwa, wale wawili hawajawahi hata kusalimiana. Walikuwa na milango tofauti ya kuingilia.

Mzee wa magazeti anasema kosa lililomtesa zaidi halikutoka kwa habari za uongo. Lilitoka kwa habari iliyomfurahisha. Siku aliposoma kitu na moyo ukasema "ndiyo, nilijua tu," siku hiyo ndipo alipopotea. Akajifunza kuuogopa moyo wake ukifurahi.

Mama wa picha anasema hivyo hivyo. Si karibu na hivyo. Hivyo hivyo. Anasema alipoona vifaru vya vita haraka kuliko kawaida, alikuwa akisimama, anakwenda kunawa uso, anarudi kutazama kama mtu ambaye hataki kuviona.

Kila mmoja ameniandikia pembeni kwamba anaomba radhi kwa kuleta wazo la ajabu ambalo labda ni lake peke yake.

Nilipozilaza karatasi zile mbili mezani, bega kwa bega, mwili ulinisisimka. Watu hawa wamekuwa wakichimba mwamba mmoja kutoka pande mbili, gizani, miaka na miaka, na wakakutana juu ya meza yangu bila wao wenyewe kujua. Wangapi wengine wako humo ndani ya mwamba?

Nakutumia ya mzee wa magazeti uisome tu. Irudi na dereva.

Mwalimu


Tarehe 21 Machi

Mwalimu,

Unajua ulichofanya. Umempelekea fundi cherehani nguo iliyoshonwa vibaya ukamwambia aitazame tu.

Nimeisoma, nikachukua kalamu nyekundu. Naona aibu kurudisha karatasi ya mwenzangu ikiwa na damu namna hiyo, lakini asichukie. Ni kazi nzuri mno. Nilikuwa nikipishana naye getini, kofia ya rangi ya udongo, hatusalimiani. Ningejua kichwani mwake kuna hayo ningemsalimia kila siku.

Kwa huku nyumbani mambo yamekuwa mambo. Binti yangu haamini tena kwamba dereva ni wa ofisi ya pensheni. Mkwe wangu amemwambia mkewe kwa sauti ya chini, ambayo mimi naisikia vizuri kabisa, kwamba mama ameposwa. Juzi alinijia kwa heshima zote akasema hatazuia, mradi mwanamume awe mtu wa maana. Nimemwambia bado nafikiria.

Basi nitaandika. Mara moja. Na nitaandika juu ya neno langu.

Ukisema "huenda" ukaishia hapo, umejificha. Mimi kila nilipoliandika, chini yake niliandika kitu gani mkubwa wangu akikiona ajue nimekosea. Hiyo ndiyo tofauti ya anayekiri kwamba hajui na anayeogopa.

Mfano nitakaoutoa ni wa mwaka ule majirani zetu waliposogeza jeshi mpaka kwenye mto wa mpakani. Jengo zima lilisema ni vita. Majenerali wetu walitaka tuvuke sisi kwanza. Nami nilikuwa na kipande kimoja cha habari ambacho hakuna aliyekitaka: muuza vitambaa wa ng'ambo alisema wake za maofisa wao wananunua kitambaa cha sare za shule. Nikakaa na kitambaa kile kichwani siku nzima. Kisha nikaandika: "Huenda hawajaja kupigana. Mtu anayetaka kuvuka mto kwa risasi hawaleti watoto wake kusoma kando ya mto." Na chini yake: "Shule ile ikifungwa ghafla, msiniamini tena."

Mkurugenzi wa wakati ule aliipokea bila kuinua macho, akaitia kwenye mkoba. Sikusikia neno. Baada ya muda jeshi lile likarudi kwao, na maisha yakaendelea. Nadhani haikusomwa. Tulikuwa tukiandika mengi, wakubwa wakisoma machache. Lakini kwa kufundishia inafaa.

Bi Huenda
(Nilijua tangu zamani kwamba wananiita hivyo. Nilikuwa mchambuzi.)


Tarehe 14 Juni

Shikamoo Mama,

Toleo la kwanza limetoka. Makala sita, hakuna jina la mwandishi hata mmoja, jalada la kijivu. Tumelichapa ndani kwa ndani na linasomwa chumba kimoja tu, kile cha mwisho wa korido kilichokuwa stoo ya viti. Mtunza chumba anaandika nani ameingia na nani ametoka.

Makala yako ni ya tatu. Naomba uje uisome ya nne.

Siwezi kuiandika humu. Nitasema hivi tu: imeandikwa na mzee ambaye hakuwahi kufanya kazi Idarani. Yeye alikuwa upande wa pili, kule mkoba wa tathmini ulikopelekwa. Niliona kwamba makala za wanaoandika hazitoshi bila neno la anayesoma, nikamtafuta, nikamwomba atueleze tathmini inavyofika mezani kwa mkubwa na inavyofanya kazi au kufa. Hajui wewe ni nani. Hajaiona makala yako. Aliniletea yake wiki moja kabla ya kuchapa, na tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Dereva atakuchukua Alhamisi. Mwambie mkwe chochote unachotaka.

Mwalimu


Tarehe 20 Juni

Mwanangu,

Naandika haraka, utavumilia mwandiko.

Uliniona pale ulipoingia na kikombe cha maji ukakiweka ukatoka. Ahsante.

Narudia alichoandika, si kwa ajili yako, ni kwa ajili yangu, nihakikishe sikuota. Anasema asubuhi ile amri ya kuvuka mto ilikuwa mezani, imeshapigwa chapa, imebaki saini. Majenerali wamesimama. Yeye, mshauri wa mkubwa wa nchi, alikuwa na mkoba magotini, akatoa karatasi mbili zisizo na jina kwa sababu tu ndizo zilizokuwa juu. Akasoma. Anasema sababu ya mwandishi haikumshawishi sana. Kilichomshika ni mstari wa mwisho. Anasema, na hili nimelishika kwa moyo: "Watu wote chumbani walikuwa na uhakika, na hakuna hata mmoja aliyeniambia nitamjuaje akiwa amekosea. Huyu peke yake alinipa kitu cha kutazama." Akamwambia mkubwa, "Tusubiri shule ifungwe." Wakamcheka. Lakini mkubwa akaweka kalamu chini. Wakatuma mtu ng'ambo akaitazame shule kila asubuhi. Kila asubuhi watoto wakaingia darasani. Mwishowe amri ile ikachanwa.

Miaka yote hii nilidhani haikusomwa.

Nilipotoka kwenu nilimwomba dereva asimamishe gari karibu na soko. Nikakaa ndani na kioo nimeshusha, natazama watu. Kijana mmoja anauza vifuniko vya simu. Msichana anabishana na mwenzake huku anacheka mpaka ameinama. Mwanamume amembeba mtoto mabegani, mtoto anamshika masikio. Watu wa umri ambao baba zao wangepelekwa kwenye ule mto. Sijui kama kuna hata mmoja aliyehusika. Hakuna anayeweza kujua. Kitu ambacho hakikutokea hakina kaburi wala sherehe, hakuna pa kwenda kukitazama. Nilikitazama pale sokoni, basi. Nilihisi udogo ambao sijawahi kuuhisi, na sikuwa na huzuni.

Dereva aliniuliza, "Mama, unamsubiri mtu?" Nikamwambia ndiyo, lakini wameshafika.

Bi Huenda


Tarehe 3 Novemba

Mwalimu,

Uliniambia toleo la pili ni Septemba. Septemba imepita, Oktoba imepita. Dereva alikuja mara mbili, mara ya kwanza na salamu tu, mara ya pili na salamu na kilo mbili za sukari. Mhariri anayetuma sukari ana jambo.

Nimefanya kazi ya kusoma kimya cha watu tangu hujazaliwa. Nilianza nikidhani wamekufungia jarida. Lakini dereva anasema kile chumba siku hizi kina foleni. Basi si hilo. Nikafikiri unaumwa. Dereva anasema umenenepa. Kimebaki kitu kimoja: kuna jambo linanihusu mimi, na hujui namna ya kunitazama.

Huenda nimekosea. Ukinitumia toleo la pili nitajua nimekosea.

Bi Huenda


Tarehe 5 Novemba

Shikamoo Mama,

Hujakosea.

Makala iliyolizuia toleo la pili nimeifunga ndani ya bahasha hii. Imeandikwa na binti mmoja wa chumba cha pili, ana mwaka mmoja na nusu kazini, mwembamba, hazungumzi. Aliisoma yako mwezi Juni. Kisha akakumbuka kwamba majirani wamefungua nyaraka za jeshi lao za wakati ule, akazisoma zote, kwa lugha yao, miezi mitatu.

Mama, walikuwa wamekuja kupigana.

Watoto waliletwa kwa sababu kambi yao ya zamani ilipatwa na kipindupindu. Maji yaliharibika, jenerali akaamuru familia zifuate jeshi. Hakukuwa na maana nyingine. Vita ilikuwa imepangwa mpaka siku, ila baraza lao lilimkatalia kuanza. Lilimwambia atavuka endapo tu sisi tutapiga risasi ya kwanza. Akakaa kando ya mto akitusubiri tupige. Sisi tukakaa tukiitazama shule. Baraza likachoka, likamwita nyumbani.

Nilimpelekea Mkurugenzi. Akasema, "Mama wa watu tumemheshimu juzi tu, leo tumvue nguo hadharani? Iweke kabatini." Nami nikaiweka, kwa sababu na mimi nilitaka iwe hivyo. Nilijiambia nakulinda.

Lakini binti amekuja tena jana. Alisimama mlangoni, hakutaka kukaa. Akasema, "Mwalimu, darasani kwa vijana wapya wanaiita kanuni ya shule. Familia zikisogea, hakuna vita. Wameiandika ubaoni." Halafu akasema kuna tathmini inaandaliwa sasa hivi, ya mpaka mwingine kabisa, ambako familia za askari zimesogea mwezi uliopita. Na imeshaandikwa hakuna hatari.

Nisamehe. Niambie nifanye nini.

Mwalimu


Tarehe 5 Novemba

Mwalimu,

Nimemzuia dereva asiondoke mpaka nimalize. Binti yangu ameshampikia.

Chapa. Leo ukiweza. Iwe ya kwanza, mbele ya kila kitu, na mwambie Mkurugenzi kwamba mama mwenyewe amesema nguo zake anazo. Kabla hata ya kuchapa, mpeleke yule binti na karatasi yake mkononi kwa wale wanaoandika tathmini ya mpaka ule. Akiogopa, nenda naye. Wakisema "lakini Bi Huenda aliandika," wajibu kwamba Bi Huenda anasema wafute ubao.

Sasa nikuambie lililonipata. Nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliisoma kama mwenye makala, na ikaniuma hapa chini ya kifua, kwa sababu nilikuwa nimejiaminisha kwamba nilimwona yule jenerali mpaka moyoni. Kumbe sikumwona. Niliona vitambaa.

Mara ya pili niliisoma kama msomaji. Mwanangu, niliinuka kitini. Yule jenerali upande mmoja anasubiri tupige. Sisi upande huu tunasubiri watoto wakose shule. Watoto wenyewe wamekimbia maji machafu, wanajifunza kusoma, na majeshi mawili yamekaa kimya pande zote mbili za ule mto yakiwa yanawazunguka bila kujua ni wao walioyashika. Nilikosea, na katika kukosea kwangu watu wakaishi. Na lau binti huyu asingeandika, kosa lile lile lingeua watu mahali pengine kwa jina langu. Sijui niliweke wapi jambo kubwa namna hii. Halienei kichwani.

Msimfiche tena mtu namna hii. Mlinifanya picha ya ukutani.

Bi Huenda


Tarehe 18 Novemba

Shikamoo Mama,

Tulikwenda. Binti hakuogopa, niliyetoka jasho ni mimi. Alizungumza kwa dakika chache tu, akawauliza, "Mkiwa mmekosea, mtaona nini?" Tathmini imerudishwa kuandikwa upya, na imeongezwa watu. Itakuja kusema nini, sijui, na hata ningejua nisingeandika.

Toleo la pili limetoka jana. Mkurugenzi aliisoma makala ya binti wima, mlangoni kwangu. Kisha akaniuliza kama na yeye anaruhusiwa kuandika.

Gari litakuja Jumatano.

Mwalimu


Tarehe 24 Novemba

Mwanangu,

Hukuniambia kwamba wasomaji wanachora kurasa za jarida. Mtunza chumba alininong'oneza amechoka kugomba, kila mtu anaingia na penseli, na wewe ndiye uliyesema awaache.

Yule binti alikuja kukaa karibu nami. Alikuwa ameshika vidole vyake. Akasema, "Mama, umenikasirikia?" Nikamwambia, "Ukurasa wa tatu umesema 'bila shaka'. Una hakika?" Akafikiri muda mrefu, kweli akafikiri, akasema, "Hapana." Nikamwambia basi tuko sawa.

Kisha nikafungua toleo la kwanza, kwenye makala yangu, kutazama waliyoandika pembeni. Pale nilipoeleza habari ya kitambaa, mkono mmoja umeandika, "Si kweli." Chini yake, mwandiko mwingine, "Kwa nini?" Chini yake wa tatu, herufi kubwa kubwa, naapa ni za yule mzee wa kofia ya rangi ya udongo: "Alipokisikia, alifurahi?" Halafu mshale umekwenda mpaka ukingoni, na huko mtu wa nne, mwandiko mdogo sijawahi kuuona, ameuliza swali ambalo katika maisha yangu yote ya kazi halikunijia hata mara moja. Ameuliza wale watoto tungewatazamaje kama wangekuwa wetu.

Watu wanne. Labda hawajuani. Wengine wameingia na kutoka saa tofauti. Wamekaa kwenye kiti kile kile, mbele ya ukurasa ule ule, wanajibizana, na mimi nimekufa na sijafa, nimo katikati yao.

Hakuna aliyekuwa amemjibu wa nne. Nikamwomba binti penseli yake.

Bi Huenda